Ukiambiwa Uzime Kinga Kwanza

Karibu barua zote za safari hii zinauliza virusi na programu za kijasusi kwenye kompyuta za nyumbani, na wengi walioandika wameshaumia tayari. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Ngamiani, Tanga. Wanaoniletea mashine ni walimu, wanafunzi, wenye steshenari, akina mama wanaouza vitenge kwa oda za mtandaoni. Kwa watu hao kompyuta moja ndiyo ofisi, ndiyo albamu ya picha, ndiyo daftari la madeni, na hawana kitengo cha teknolojia cha kukipigia simu. Nimejibu nikiwafikiria wao. Majina ya walioandika nimeyaacha.

Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Morogoro. Nilikuwa nachakata data za utafiti wangu, rafiki akanitumia kiungo cha kupata bure SPSS, ile programu ya kulipia ya kuchakata takwimu. Maelekezo yalisema nizime antivairasi kwanza, ndipo nifungue faili la kuikraki, yaani kuifungua bila leseni. Kesho yake mafaili yangu yote yalikuwa yameongezewa herufi nne mwishoni na hayafunguki. Kila folda ina faili linaloitwa _readme.txt, linadai dola 980, au 490 nikiwahi ndani ya saa 72. Utafiti wote umo humo. Niuze simu nilipe?

Marahaba mwanangu. Usiuze simu, na usiiandikie ile anwani ya barua pepe waliyokuachia. Zima Wi-Fi ya hiyo laptopu, chomoa flashi na diski zote, kisha tuendelee.

Kilichokupata kinajulikana. Wanaopambana na virusi wanakiita STOP au Djvu. Ile bei ya dola 980 inayoshuka hadi nusu ukiwahi ndani ya saa 72 ni alama yake, na kwenye meza yangu imefika mara nyingi, karibu kila mara kwenye laptopu ya mwanafunzi. Njia yake kuu ya kuingia ni hiyohiyo uliyopitia: programu ya kulipia iliyokrakiwa, au kile kifaili cha kuamsha Windows na Office bila leseni.

Naomba usome tena maneno yako mwenyewe: maelekezo yalisema nizime antivairasi kwanza. Hapo ndipo palipokuwa pa kusimama. Aliyekitengeneza kirusi alijua kwamba kinga yako ingekiona, akaona njia rahisi ni kukuomba wewe uiondoe. Mgeni anayetaka mlinzi aondoke getini ndipo aingie, humfungulii. Utaambiwa na watu wengi, hata na mafundi wenzangu, kwamba antivairasi huwa inakosea ikiona kraki. Ni kweli kuna mafaili ya kraki yasiyo na kirusi ndani. Lakini wewe mwenye mashine huna namna ya kulitenga lenye sumu na lisilo na sumu, kwa sababu yote yanakuja na ombi hilohilo na yote yanalalamikiwa na antivairasi hiyohiyo. Ningekuwa na uwezo ningelibandika onyo juu ya ombi hilo kwenye mbao za matangazo za vyuo vyote, wiki ile wanafunzi wanapoanza kuchakata data.

Sasa kazi yako. Usifute chochote na usipige Windows upya kabla hujanakili mafaili yaliyofungwa, pamoja na lile _readme.txt, kwenye diski ya pembeni. Kisha fungua hilo _readme.txt uangalie mwisho wake, kuna mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu ambao ndio utambulisho wako. Ukiishia na t1, kuna tumaini. Maana yake ni kwamba kirusi kilishindwa kuwasiliana na seva ya wenyewe, kikatumia ufunguo ambao kimeutumia kwa watu wengine pia. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa programu ya bure inayofungua aina 148 za zamani za kirusi hiki, na baadhi ya zile za baadaye ziliweza kufunguliwa pale ufunguo wa aina hiyo ulipopatikana. Anzia kwenye tovuti ya nomoreransom.org. Mradi huo ulianzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya (Europol) na kampuni mbili za antivairasi. Unapakia mafaili mawili yaliyofungwa na ile barua ya vitisho, unaambiwa kama ufunguo upo. Huduma hiyo hailipiwi. Ukiona tovuti au mtu yeyote anadai malipo ya kufungua STOP kwa uhakika, huyo ni tapeli wa pili.

Kama utambulisho wako hauishii na t1, nakwambia ukweli: kwa leo mafaili hayo huenda yasifunguke. Yatunze, kwa sababu funguo huwa zinapatikana baadaye. Lakini utafiti wako sidhani kama umepotea wote, na hapa nataka ukae kitako ufikiri. Ni sura zipi ulizomtumia msimamizi kwa barua pepe? Ziko kwenye kisanduku cha ujumbe uliotumwa. Zipi ulizorusha WhatsApp kwa rafiki akusomee? Ziko kwenye simu yake. Zipi ulizochapisha steshenari? Hojaji za karatasi bado unazo? Kama ulikusanya data kwa KoboToolbox au Google Forms, data ghafi bado iko kwenye seva zao, unaishusha tena leo hii. Na kama ulirekodi mahojiano, usikate tamaa mapema. Kirusi hiki, ili kimalize haraka, hufunga takriban kilobaiti 150 tu za mwanzo wa kila faili. Hati ya Word inakufa, lakini sauti au video ya saa nzima mara nyingi inaweza kurekebishwa ukapoteza mwanzo wake tu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi. Kirusi hiki mara nyingi huja na mwenzake, programu ya kijasusi inayokomba nywila zote ulizoziacha kivinjari kizikumbuke. Kwa hiyo chukua simu, au kompyuta nyingine iliyo safi, ubadilishe nywila ya barua pepe kwanza, kisha za mitandao ya kijamii, za chuo na za benki. Usifanye hivyo kwenye laptopu hiyo. Laptopu yenyewe ipigwe Windows mpya kabisa, ikitoka tovuti ya Microsoft, kwa flashi ya gigabaiti 8 au zaidi.

Na SPSS? Ipo PSPP, ya bure kihalali, inafungua mafaili ya SPSS yenye mwisho wa .sav na menyu zake zinafanana na zile ulizofundishwa. Zipo jamovi na JASP, nazo za bure, na mimi naona zinaeleweka haraka kuliko hiyo SPSS. Mwulize msimamizi wako kama anazikubali. Kwa majedwali ya mwaka wa tatu sioni kwa nini azikatae.

Habari za kazi mama. Nina steshenari karibu na chuo, Mwanza. Kila flashi ya mteja ikitoka kwenye kompyuta yangu folda zake zimegeuka shotikati, yaani njia za mkato. Wateja wanasema nimewafutia kazi. Nilinunua CD ya antivairasi, tatizo liko palepale. Wengine wameanza kuhamia duka la jirani.

Nzuri ndugu yangu, pole na lawama. Waambie wateja jambo moja leo hii: kazi zao hazijafutika, na wasiziformati flashi zao. Asilimia kubwa ya flashi ninazoletewa zikiwa "zimefutika" kazi zote zimo ndani, na nyingine zilishaformatiwa na mwenyewe kwa hofu kabla hajaniletea. Hizo ndizo zinazoniumiza.

Zamani flashi ikichomekwa tu, Windows ilikuwa inafungua chenyewe kilichomo, na virusi vilisafiri kwa mgongo huo. Kuanzia Windows 7 mlango huo ulifungwa kwa flashi, na Februari 2011 Microsoft wakausambaza ufungaji huo hadi kwa XP na Vista. Tangu hapo kirusi cha flashi kinahitaji mkono wako ubofye. Ndiyo maana kikabuni hila ya shotikati. Kinaficha folda zako halisi, zenye jina "Barua za shule" au "Picha za harusi", kisha kinaweka shotikati yenye jina lilelile na picha ileile ya folda. Ukibofya, kinaanza kwanza kirusi, halafu folda halisi inafunguka kama kawaida. Huoni tofauti yoyote. Mteja wako amefungua barua yake, amechapisha, ameondoka, na kompyuta yako imebaki nacho kikisubiri flashi inayofuata.

Kwa hiyo chanzo ni kompyuta ya duka. Ukisafisha flashi hamsini huku kompyuta haijasafishwa, unazirudishia ugonjwa papo hapo. Funga kazi jioni moja. Andika Windows Security kwenye sehemu ya kutafutia, ingia kwenye Virus & threat protection, kisha Scan options, uchague ukaguzi wa nje ya mtandao wa Microsoft Defender, antivairasi iliyomo ndani ya Windows. Kompyuta itajizima na kujiwasha, itajikagua kabla Windows haijaamka, na kirusi kinachojificha Windows ikiwa macho hapo hakina pa kukaa. Ikimaliza, fungua Task Manager, upande wa programu zinazoanza zenyewe. Ukiona wscript, programu ya Windows ya kuendesha mafaili ya amri, imesimama hapo na hujui nani aliyeiweka, izime. Kirusi cha shotikati mara nyingi kinaamkia humo.

Hapo sasa ndiyo ushike flashi. Ichomeke, usibofye folda yoyote. Angalia imepewa herufi gani, tuseme E. Fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd, kisha andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Piga Enter usubiri. Amri hiyo inaondoa alama za kuficha, na folda halisi zinajitokeza pembeni ya shotikati. Futa shotikati zote na faili lolote geni lenye mwisho wa .vbs au .js. Kagua flashi kwa Defender, mrudishie mteja. Ukilifanya hilo bure wiki moja na ukaweka tangazo mlangoni, hao waliohama watarudi.

Ile CD usiitumie tena. Antivairasi inaishi kwa taarifa mpya za kila siku, na iliyoandikwa kwenye CD ilipitwa siku ileile ilipochomwa.

Fanya pia mpangilio huu wa kudumu. Kompyuta moja iwe ya kupokea flashi tu, ifunguliwe kwa akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya kuweka programu. Kwenye mipangilio ya folda washa kuonyesha miisho ya majina ya mafaili, kwa sababu Windows huificha, na faili la CV.pdf.exe linaonekana kama CV.pdf. Wateja wakaribishwe kutuma kazi kwa barua pepe ya duka. Wakitaka kufungua WhatsApp zao kwenye kompyuta yako, simama nao mpaka watoke. Nimekuta kompyuta za steshenari zenye WhatsApp ya mtu iliyoachwa wazi tangu asubuhi, mazungumzo ya nyumbani kwake yanasomwa na foleni nzima.

Kwa wasomaji wengine: nunua flashi ndogo iwe ya steshenari peke yake. Weka humo PDF unayotaka kuchapisha na kitu kingine chochote kisiwemo. Ukirudi nyumbani, iformati kabla hujafungua kilichomo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, Dodoma. Kwenye kona ya kompyuta yetu zinaruka taarifa nyekundu, zinasema tuna virusi vitano na tubofye kulipia kinga. Zinatumia jina la kampuni kubwa ya antivairasi. Mwanangu anacheza gemu za mtandaoni. Je, nimeshaibiwa?

Hapana mama, bado, ilimradi hukubofya wala hukujaza namba ya kadi. Hizo ni taarifa kutoka tovuti fulani ambayo iliuliza "Allow?" na mwanao akakubali ili gemu lifunguke. Hiyo kampuni kubwa haihusiki. Fungua Chrome, nenda Settings, Privacy and security, Site settings, kisha Notifications. Utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Ondoa zote usizozijua. Zitanyamaza papo hapo.

Kisha mfungulie mtoto akaunti yake ya kawaida, nawe ubaki na ile yenye mamlaka, nywila yake usimpe. Akijaribu kuweka programu, Windows itadai nywila yako, atakuja kukuita. Mtoto asiadhibiwe. Kitufe hicho kinawanasa hata wahasibu.

Salaam aleikum dada. Naandika kutoka Mombasa. Mume wangu anajua vitu ninavyoandika kwa laptopu yangu, hata barua pepe nilizomwandikia dadangu. Ananitajia maneno yenyewe. Naogopa ameweka kitu. Nataka kukitoa, lakini pia namwogopa akijua.

Waaleikum salaam dada yangu. Hofu yako ya mwisho ndiyo nitakayoianzia. Ukiitoa programu ya kijasusi, aliyeiweka anaona kwamba imenyamaza, na mtu anayekutisha anaweza kuzidi siku hiyo. Usiguse kitu kwanza. Ukihisi hatari kwa mwili wako, Kenya kuna namba 1195, inapigwa bila malipo, ni ya waathiriwa wa ukatili wa kijinsia. Piga kwa simu isiyokuwa yako. Ujue pia kwamba sheria ya Kenya ya mwaka 2018 ya makosa ya kompyuta na mtandao inahesabu kuingilia kompyuta na mawasiliano ya mtu bila ruhusa kuwa kosa, na ndoa haimpi mtu ruhusa hiyo. Ukiamua kushtaki siku moja, laptopu ikiwa kama ilivyo ni ushahidi.

Sasa tuangalie anajuaje. Katika kesi za aina hii nilizoletewa, mara nyingi hapakuwa na programu yoyote ya ajabu. Mtu aliijua nywila ya barua pepe na alikuwa akizisoma kwenye simu yake. Kwa simu ya dadako, au ya mtu unayemwamini, ingia kwenye akaunti yako ya Google, sehemu ya usalama, uangalie orodha ya vifaa vilivyoingia. Ukiona simu isiyo yako, umepata jibu. Angalia namba ya simu na barua pepe ya kurejeshea akaunti: ni zako, au ni zake? Ingia kwenye mipangilio ya Gmail, sehemu ya kusambaza barua, uone kama kila barua inapelekwa nakala kwingine. Hilo watu hulisahau, na linaendelea kufanya kazi hata ukibadilisha nywila. Kwenye WhatsApp tazama vifaa vilivyounganishwa.

Kama huko kote ni safi, ndipo tuishuku laptopu yenyewe. Zipo programu zinazorekodi kila herufi unayopiga na kupiga picha skrini. Baadhi zinauzwa waziwazi kama za kuangalia watoto, na antivairasi nyingine huziacha zipite. Kwenye kompyuta za mezani kuna hata kidude kidogo kinachokaa kati ya waya wa kibodi na tundu la USB. Hicho kinaonekana kwa macho ukiinama nyuma ya mashine. Programu ya namna hii kuiwinda moja moja si kazi ya kuaminika. Siku utakayokuwa salama kufanya hivyo, hifadhi picha na hati zako pembeni, kisha laptopu ifutwe kabisa na kupigwa Windows mpya na fundi uliyemchagua wewe mwenyewe. Weka nywila mpya ya kuingilia, ambayo hajawahi kukuona ukiipiga.

Mpaka siku hiyo ifike, mambo yako ya siri usiyaandike kwenye laptopu hiyo. Fungua anwani mpya ya barua pepe kwa simu ya dadako, yenye hatua mbili za kuingia, na uitumie hukohuko tu. Laptopu iendelee na mambo ya kawaida, mapishi, habari, ili asione badiliko. Niandikie tena, kwa anwani hiyo mpya.

Fundi, mimi ni mwalimu mstaafu, Moshi. Laptopu yangu ni ya Dubai, ina Windows 10, naambiwa imekwisha muda. Fundi wa hapa anasema atanipigia Windows 11 ya bure na antivairasi ya mwaka mzima, elfu thelathini. Nilipe? Na kama nikinunua nyingine, nitazame nini?

Shikamoo mwalimu. Ni kweli, Windows 10 ilifika mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Itaendelea kuwaka, lakini matundu mapya yakigunduliwa hayazibwi. Mwaka 2017 tuliona maana yake. Microsoft walitoa marekebisho ya tundu moja tarehe 14 Machi. Tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu hilohilo, kikafunga kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi zaidi ya 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Marekebisho yalikuwepo kwa karibu miezi miwili. Walioumia ni wale ambao hawakuwa wameyaweka.

Kwa watumiaji wa nyumbani kuna nyongeza ya masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Inatolewa bila malipo ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yako ihifadhiwe kwao, au kwa dola 30. Ingia Settings, Update & Security, Windows Update, utafute nafasi ya kujiandikisha. Nafasi hiyo inataka toleo la 22H2. Angalia pia kama mtandao wako umewekwa alama ya metered, yaani mtandao wa kupimiwa bando. Wengi wetu tunaiweka ili kuokoa bando, bila kujua kwamba masasisho mengi ya Windows husubiri mpaka alama hiyo iondolewe. Iondoe mara moja kwa wiki, hata kwa bando la usiku.

Huyo fundi mwulize, kwa heshima, leseni inatoka wapi. Kama anaamsha Windows kwa kifaili kinachotaka Defender izimwe kwanza, mwambie asikiweke. Windows halisi isiyoamshwa ina maandishi kwenye kona na inakunyima kubadilisha picha ya nyuma, lakini masasisho ya usalama inayapata. Ni salama kuliko iliyoamshwa na mtu usiyemjua. Antivairasi ya kununua huihitaji. Defender iliyomo ndani ya Windows inapata alama za juu kwenye maabara za kupima antivairasi kama AV-TEST, nayo hailipiwi. Kama kuna antivairasi ya majaribio iliyokuja na mashine na muda wake umekwisha, ifute, na uhakikishe Defender imerudi kazini.

Mashine yako ikiwa haikidhi masharti ya Windows 11, usikubali ilazimishwe. Kwa kuandika barua, kusoma magazeti na kuongea na wajukuu kwa video, Linux Mint inatosha sana, na laptopu za miaka ya 2015 na 2016 zinaibeba bila kuhema. LibreOffice imo humo tayari, kwa hiyo hati zako za Word utaendelea kuzifungua.

Ukienda kununua nyingine, mwambie muuzaji aiwashe, uingie Settings, System, kisha About, usome jina la prosesa. Kwa zile za Intel Core, tarakimu za mwanzo baada ya kistari ndizo za kutazama. Ikiwa i5-8250U au i5-8350U, yaani kuanzia 8 kwenda juu, zikiwemo 10, 11 na 12, Windows 11 inakubali. Ikiwa i5-6300U, ambayo ndiyo imejaa madukani kwa sasa, haikubali, hata kama muuzaji ameshaipiga Windows 11 na inawaka vizuri mbele yako. Hiyo inunue kama unataka mashine ya Linux, na bei yake iwe ya mashine ya Linux.